Tundu la Sindano Liko Chini

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha wazazi cha shule ya msingi, Manzese, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi wenzangu. Mlionizidi umri, shikamooni. Wadogo zangu, habari za mchana.

Niwieni radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa nabishana na mlinzi pale getini, hakuamini kwamba mtu anaweza kuja kwenye kikao cha wazazi na guta la kubebea mizigo. Mzigo uliomo nitausema baadaye.

Mwalimu mkuu alinipigia simu wiki iliyopita akaniambia, "Fundi, uje utueleze ulivyomfundisha mwanao nyumbani." Nikamwambia, mwalimu, umekosea namba. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, tena la saba lenyewe la kusukumwa. Kazi yangu ni cherehani. Nusu ya sketi za bluu mnazoziona hapo uwanjani zimepita mikononi mwangu, na wapo humu ndani ambao bado wanadaiwa hizo sketi, lakini leo si siku yake. Mwalimu akaning'ang'ania. Akasema binti yangu alipokuwa hapa alikuwa anauliza maswali mpaka walimu wanajificha ofisini, na sasa yuko sekondari bado anauliza. "Tunataka kujua ulimlisha nini."

Sikumlisha kitu. Nitawasimulia ilivyokuwa, na sehemu kubwa ni aibu zangu.

Mnakumbuka Machi 2020. Tarehe 16 ikatangazwa kwamba korona imeingia nchini, tarehe 17 Waziri Mkuu akatangaza shule zifungwe siku 30. Siku 30 zikaisha, zikaongezwa, tukaja kufungua tarehe 29 Juni. Zaidi ya miezi mitatu. Binti yangu alikuwa darasa la tatu. Mke wangu anauza ndizi, anatoka nyumbani saa 10 alfajiri kwenda Mabibo, pale soko la Mahakama ya Ndizi, na kurudi ni jioni. Mimi nashonea barazani kwangu. Kwa hiyo mtoto akawa wangu.

Siku ya kwanza nikajiona mwalimu. Nikachukua kipande cha plaiwudi, nikakipaka rangi nyeusi, nikakiegemeza ukutani. Nikaandika ratiba: saa 2 hisabati, saa 3 kusoma, saa 4 uji, saa 4 na nusu kuandika, saa 5 maarifa. Nikatafuta na fimbo. Mnacheka, lakini mwalimu niliyemfahamu mimi utotoni alikuwa na fimbo, sasa nikafikiri bila fimbo somo halianzi.

Nikaanza na saa. Nikaishusha saa ya ukutani, nikamwambia, mama, mshale mdogo ukiwa hapa ni saa moja. Akaangalia. Akasema, "Baba, mbona hapo pameandikwa saba?" Nikamwambia, ndivyo ilivyo. "Lakini moja ipo, ile pale juu. Mbona tusiseme saa moja mshale ukifika pale?" Nikamwambia, mwanangu, ndivyo ilivyo, shika unachoambiwa. Akanyamaza. Ninyi mnaujua ule unyamavu wa mtoto. Hajaelewa, ila ameelewa kwamba hapa haulizwi mtu.

Siku ya tatu tulikuwa kwenye saba mara nane. Nikamuuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Nina nguo za watu zinanisubiri, jua linapanda, yeye ananitolea macho. Nikamchapa. Nalisema hapa mbele yenu na mbele ya mwalimu wake. Akakimbilia chooni akajifungia, na choo chetu ni cha nyumba nzima, wapangaji sita, watu wakapanga foleni nje wananiangalia. Jibu, kwa taarifa yenu, ni 56. Siku ile mimi mwenyewe nililitafuta kwa vidole kabla ya kumuuliza.

Hapo shule yangu ikafa. Ubao ule baadaye nikaufanyia rafu ya nyuzi, upo mpaka leo.

Sasa niwaambie jambo lililoniuma kuliko la choo. Jioni moja nilimwambia anisomee kitabu, ukurasa wenye mbuzi. Akasoma vizuri mno, kama mtangazaji. Nikajisifu moyoni. Kumbe kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa uji. Kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa mwingine kabisa, ambao hauna mbuzi wala kamba ya mbuzi, na mdomo unaendelea na mbuzi. Alikuwa amekariri kitabu kizima. Darasa la tatu! Daftari lina vema kila ukurasa, na mtoto hajui kusoma.

Sikumlaumu mwalimu wake. Darasa lilikuwa na watoto wengi, na wakisoma kwa pamoja huwezi kujua nani anasoma na nani anafuata sauti. Ila nikajiuliza, mimi baba mtu nilikuwa wapi? Nilikuwa naangalia vema.

Nikasema nimtafutie maandishi ambayo hajawahi kuyakariri. Kitabu kingine nyumbani hakuna, na mitaani korona. Nikatazama uani, kwenye kamba ya nguo, nikaona kanga za mama yake. Wazazi, mna maktaba ya kutosha kwenye sanduku. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake pale chini, herufi kubwa, maneno machache, na kila kanga ina la kwake. Huwezi kuikariri kabla hujaiona.

Nikamsimamisha mbele ya ile iliyokuwa karibu. Akaanza: HA. HA-SI. HA-SI-DI. Akaanguka, akaanza upya. HASIDI HA-NA. Ilimchukua karibu nusu saa kuimaliza, jasho linamtoka: HASIDI HANA SABABU. Alipoipata akafurahi, akairudia kwa sauti. Asubuhi yake akaamka nayo, akaisoma tena kwa kelele. Na mchana. Na jioni. Mimi nakanyaga cherehani, roho nyeupe, mtoto anasoma.

Sikufikiria kwamba kamba ile inatazama dirisha la jirani.

Wanawake mliomo humu mmeshaelewa. Siku ya pili salamu ikakatika. Siku ya tatu jirani akaanika kanga ya kwake, kaigeuza itazame mlangoni kwetu: KELELE ZA MLANGO HAZINIKOSESHI USINGIZI. Mke wangu aliporudi sokoni akaiona, akatua beseni chini, akaniuliza, "Mmefanya nini nyumbani leo?" Na binti yangu ndio kwanza amepata somo jipya, kashasimama mbele yake: KE-LE-LE.

Nilikwenda kuomba radhi kwa magoti. Mume wa jirani, mzee mmoja mtulivu, alicheka mpaka akashika ukuta. Mama naye akalainika, akatuazima kanga zake za zamani, moja ina JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Hiyo ni nzuri kwa kusoma, maana "sipati" na "sikati" zinatofautiana herufi moja tu, ukikisia umekwisha. Kufikia mwisho wa Aprili mtoto alikuwa anasoma kila kitu: mifuko ya unga, matangazo ya waganga, maandishi ya nyuma ya bajaji. Tukifika barabara kubwa anasoma vituo vya mwendokasi. Pale Argentina akaniuliza kama ndiko kwa kina Messi. Nikasema hapana, huko ni mbali, hapa ni jina tu. Akasema, "Nani alileta jina?" Sikuwa na jibu. Kwa bahati basi likaja.

Ndipo zikaja barakoa. Kila mtu anazitaka, na mafundi tukawa watu. Nikapata oda ya barakoa za kitenge kutoka kwa mfanyabiashara mmoja. Nikaenda Mtaa wa Uhuru nikachukua vitenge vya yadi 6. Barakoa moja inataka vipande viwili, cha nje na cha ndani, kila kimoja inchi 9 kwa 7 pamoja na mshono. Nikakata kipande cha boksi kwa kipimo hicho, nikawa naweka juu ya kitambaa, napiga chaki, nakata.

Binti yangu sasa hana shule ya asubuhi wala ya jioni. Anakaa chini ya meza, anaokota chaki, ananikatia lastiki. Nikamfundisha futi kamba: upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita. Yadi moja ni futi 3, futi moja ni inchi 12, kwa hiyo yadi ni 36. Hayo aliyashika kwa siku moja, kwa sababu akikosea lastiki inakuwa fupi na barakoa inavuta masikio, na anaijaribu mwenyewe.

Siku moja nimekwenda kununua uzi, narudi namkuta amepanda juu ya meza na kaboksi kangu na chaki, amekichora kitenge kizima. Nilitaka kulia. Kitenge cha mtu! Nikamwambia shuka. Akasema, "Baba, hesabu kwanza." Nikaangalia. Kumbe mimi siku zote nalilaza boksi, zile inchi 9 zinafuata urefu wa kitambaa. Yadi 6 ni inchi 216. Napata vipande 24 kwa urefu. Upana wa kitenge kile ulikuwa inchi 45. Zikiingia saba saba napata 6, inabaki kamba ya inchi 3 inayokwenda kwenye kiroba cha makombo. Ishirini na nne mara sita, vipande 144. Barakoa 72.

Yeye amelisimamisha boksi. Saba zimefuata urefu, zimeingia mara 30, zimebaki inchi 6 mwishoni. Tisa zimefuata upana: 9, 18, 27, 36, 45, hakuna hata uzi uliobaki. Thelathini mara tano. Vipande 150. Barakoa 75.

Nikasema, maua yatalala. Akasema, "Baba, yakishakunjwa nani atajua yalikuwa yanaelekea wapi?"

Barakoa 3 zaidi katika kila kitenge, na nilikuwa nimeshakata vitenge vinne. Nilikuwa nimetupa barakoa 12, mimi fundi wa miaka 19, na aliyenionyesha ni mtoto niliyemchapa kwa ajili ya saba mara nane. Sikumsifu siku ile. Niliona haya. Nilinyamaza, nikafuata chaki yake nikakata.

Lakini nilichokuja kukisema hasa ni cha siku kama nne baadaye.

Ilikuwa mchana, umeme hakuna, lakini cherehani yangu ni ya kukanyaga, haijali umeme. Yeye anashona kifungo kwa mkono, nimempa shati langu bovu la kujifunzia. Akasimama, akaja akainama usoni kwa mashine mpaka nikamwambia toa kichwa, itakuchoma. Akasema: "Baba, sindano yangu tundu lake liko juu kwenye kitako. Hii ya mashine tundu liko chini, kwenye ncha. Kwa nini?"

Ndugu zangu, tangu nianze kazi nimeshatunga uzi kwenye tundu lile mara ambazo hazihesabiki. Nimeulamba, nimeukodolea, nimeutungia gizani. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini tundu liko kule. Maneno yakanijia mdomoni yenyewe: ndivyo ilivyo. Yalishafika kwenye meno. Sijui ni zile barakoa 12 au ni nini. Nikasema, "Mama, sijui."

Akaniangalia kama nimemwambia leo hatuli. "Hujui? Na wewe ndiye fundi?"

Nikasema, sijui. Hebu tuangalie.

Tukafungua kifuniko cha chini, pale inapokaa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Nikamwambia alete uzi mwekundu, tukauweka juu. Chini tukaacha mweupe, ili tujue nani ni nani. Nikatoa mguu kwenye pedali, nikamwambia azungushe gurudumu kwa mkono, polepole kabisa, mimi namulika kwa tochi ya simu. Tulikuwa tumelala kifudifudi sakafuni, baba na mwana, vichwa chini ya mashine. Wateja wawili walikuja, wakaita, wakaondoka.

Sindano ikashuka, imebeba uzi mwekundu kwenye ncha yake. Ikafika chini. Akaendelea kuzungusha, ikaanza kupanda kidogo, na hapo uzi mwekundu haukupanda nayo, ulilegea, ukafanya kitanzi kidogo kama sikio. Akapiga kelele, "Simama!" wakati anayezungusha ni yeye. Tukasimama. Tukaendelea. Kile chuma chenye ncha kinachoizunguka bobini kikaja, kikaingia kwenye lile sikio, kikalikamata, kikalivuta, kikalipanua, kikalipitisha juu ya bobini nzima mpaka upande wa pili. Uzi mweupe ukawa umevalishwa kitanzi chekundu. Halafu kile kijiti cha juu kinachopanda na kushuka mbele ya mashine kikavuta, kitanzi kikakaza, na huko juu kwenye kitambaa kukawa na mshono mmoja.

Mmoja. Tukarudia labda mara 30.

Basi jibu likawa linaonekana. Tundu lingekuwa juu, sindano yote ingelazimika kupita upande wa pili wa kitambaa, kama tunavyofanya kwa mkono. Likiwa kwenye ncha, sindano inachungulia tu, inapenyeza uzi, inarudi. Kazi inayobaki inafanywa chini. Miaka imepita, yeye akiwa mkubwa kidogo ndiye aliyekuja kuniambia kwamba yupo Mmarekani, Elias Howe, aliyepata hataza mwaka 1846 kwa mashine ya namna hiyo, sindano yenye tundu kwenye ncha na nyuzi mbili zinazofungana. Akaniambia kama ananipa habari ya ndugu yetu.

Na tena nilipata faida ya mfukoni. Uzi ukijisokota chini ya kitambaa, siku zote nilikuwa namlaumu bobini, naifungua, naisafisha, namwita fundi wa mashine nampa hela yake. Kumbe ule uchafu wa chini mara nyingi ni uzi wa juu haujakazwa au haujapita unapopita. Ukishaona kitanzi kikubwa kisichovutwa kinafanya nini kule chini, hukosei tena. Nimeokoa hela nyingi kwa swali la mtoto wa darasa la tatu.

Usiku ule, tuko mkekani, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Baba, na ile ya saa unaijua, au nayo huijui?"

Ile ya saa! Mwezi mzima alikuwa ameiweka. Nikasema, nayo siijui. Kesho twende kwa mzee.

Mzee ni yule jirani wa kanga. Akatuweka barazani kwake, akamwonyesha jua. Akasema, sisi hatuhesabu kuanzia kwenye saa ya ukutani, tunahesabu kuanzia kwenye lile. Jua likizama siku mpya imeingia, ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa. Saa ya kwanza ya giza ikitimia ni saa moja usiku. Jua likichomoza, saa ya kwanza ya mwanga ikitimia ni saa moja asubuhi. Wenzetu wanaanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wote wamelala. Na hapa kwetu inawezekana, kwa sababu tuko karibu na ikweta, jua la Dar halihamihami: mwaka mzima linachomoza karibu na saa 12, likichelewa sana ni nusu saa na ushee. Ulaya huwezi, akasema, huko wakati wa baridi jua linaamka limechelewa kama mtoto wa tajiri.

Binti yangu akaitazama saa ya mzee mkononi, akahesabu kwa vidole. Akasema, kwa hiyo kila mara tunapishana 6. Halafu akasema neno ambalo mzee mpaka leo analisimulia msikitini: "Kumbe ukitaka saa yetu unasoma namba ya upande wa pili."

Jaribuni wenyewe. Mshale mdogo uko kwenye 7, ng'ambo yake ni 1. Uko kwenye 10, ng'ambo ni 4. Mimi nimevaa saa tangu ujana na sikuwahi kuliona hilo.

Sasa najua kuna mzazi humu anasema moyoni, fundi, wewe ulikuwa nyumbani, mimi naondoka Mbagala gizani narudi gizani. Ni kweli, na sitakudanganya, mazingira si sawa. Nitakupa mfano wa mke wangu, kwa kifupi. Yeye alikuwa na saa moja tu ya jioni, na amechoka. Anamwaga hela mkekani, mtoto anazipanga: hamsini yenye faru, mia ya Nyerere, mia mbili yenye simba. Anamuuliza: nimenunua mkungu 15,000, una chane 8, nimeuza kila chane 2,500, nimepata ngapi? Mtoto anasema 20,000, faida 5,000. Mama anacheka. "Na guta nani kalipa? Na chane iliyoiva ikapondeka, kaila nani?" Mtoto anarudi kuhesabu. Mke wangu hakumaliza hata darasa la saba, na kwa hesabu za kichwa ananiacha Ubungo yeye ameshafika Kimara. Saa moja hiyo ya mkekani ilikuwa na hesabu kuliko wiki yangu nzima ya ubao.

Na mzazi mwingine ana aibu ya Kiingereza. Mtoto analeta daftari, mzazi anajifanya anatafuta miwani. Mwanangu alisoma hapa hapa Kayumba, shule ya serikali, kwa Kiswahili, kwa hiyo shule ya msingi haikunitesa. Amenitesa alipoingia sekondari, masomo yakageuka Kiingereza. Ninachofanya, namwambia nisomee, halafu niambie kwa Kiswahili umesoma nini. Akikwama kunieleza, wote wawili tunajua kwamba hajaelewa. Simwambii kwamba mimi naelewa. Anajua sielewi. Ndiyo maana anajitahidi kunieleza.

Kuna kitu kimoja mwalimu mkuu alinitaka nikiseme, kuhusu tuisheni. Sitaki ugomvi na walimu wanaotafuta riziki. Ila kama mtoto anatoka shule saa 8, anaingia tuisheni mpaka saa 12, anarudi anakula analala, basi hiyo sindano ataiona lini?

Tarehe 29 Juni 2020 nilimleta hapa asubuhi, sare imembana, amerefuka. Wiki haikwisha nikaitwa shuleni. Nikajua kuna kesi. Mwalimu wake akaniambia, "Mzee, mwanao nilipoandika saa ubaoni alinyoosha mkono akasema anaweza kuwaeleza wenzake kwa nini tunasema saa moja kwenye saba." Nikasema, ukamwachia? Akasema, "Nilimwachia. Nami nilikuwa sijui." Mwalimu huyo amekaa pale, safu ya pili, anainamisha uso. Mwalimu, nakuheshimu kwa neno hilo kuliko yote uliyomfundisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mshale uko kwenye tatu, ni saa 9, dakika zangu zimekwisha. Naomba tano.

Ule mzigo wa kwenye guta ni cherehani. Iko pale nje chini ya mwembe, nimeweka uzi mwekundu juu na mweupe chini, kifuniko cha bobini nimekitoa. Kuna mtoto wa kiume amesimama pale dirishani tangu nianze kuzungumza, hanisikilizi mimi, anaichungulia mashine. Nani mzazi wake? Mama, ni wewe? Njoo naye. Hapana, usimweleze kitu. Wewe shika tochi, yeye atazungusha gurudumu.